Pengo la mishahara kati ya wanawake na wanaume: mwajiri wa Uingereza anatakiwa kutangaza nini

Katika kazi yangu ya kuwashauri waajiri kuhusu malipo, jambo ninalolirudia mara nyingi ni kwamba pengo la mishahara si sawa na kumlipa mwanamke pungufu kwa kazi ileile. Ubaguzi huo ni kosa la kisheria linalojitegemea. Pengo huonyesha tofauti kati ya malipo ya wanawake wote na ya wanaume wote, bila kujali vyeo vyao.

Kanuni za 2017 zinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 250 au zaidi, akimhesabu kila anayefanya kazi kwa saa pungufu kama mtu kamili, achukue picha ya malipo yake katika tarehe maalumu, ambayo ni Aprili 5 kwa kampuni binafsi na Machi 31 kwa taasisi nyingi za umma, kisha atangaze matokeo ndani ya mwaka mmoja. Hutangaza tofauti ya malipo ya saa na ya bonasi, uwiano wa waliopata bonasi, na mgawanyo wa jinsia katika robo nne za ngazi ya malipo, yaani makundi manne sawa ya wafanyakazi waliopangwa kuanzia malipo ya chini hadi ya juu.

Tofauti hizo hupimwa kwa njia mbili, na hapo ndipo wengi hupotea. Tuseme wanawake watano wanalipwa pauni 13, 14, 15, 16 na 17 kwa saa, na wanaume watano pauni 14, 15, 16, 17 na 63. Kwa wastani, pengo ni asilimia 40 ya malipo ya wanaume. Lakini ukimlinganisha mwanamke aliye katikati ya safu na mwanamume aliye katikati, pengo ni asilimia 6.25 tu. Mkurugenzi mmoja ndiye aliyelipanua. Zote mbili ni kweli, nami humsihi mwajiri asiifiche ile inayomuumiza.

Kosa ninaloliona mara kwa mara linahusu likizo ya uzazi. Mfanyakazi ambaye malipo yake yamepungua kwa sababu ya likizo hiyo hatakiwi kuingizwa katika hesabu ya malipo ya saa wala katika robo nne, kwa kuwa angelikuza pengo isivyo haki; hata hivyo, bonasi aliyoipata katika miezi 12 inayoishia tarehe hiyo maalumu lazima ihesabiwe.