Je, wajua kwa nini mchele wa mgao India umekuwa na punje zinazodhaniwa ni plastiki?

Mwaga kwenye sinia mchele wa mgao kutoka duka la serikali mjini Mumbai au Delhi, uanze kuuchambua. Jicho huenda likanasa punje chache ambazo ni laini mno kwa nje, zina unjano kidogo, na mchele ukioshwa baadhi yake huelea. Wapishi wengi wamezitupa pamoja na mawe, wakiamini ni plastiki. Kumbe punje hizo ndizo zilizobeba madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini B12.

Uvumi wa mchele wa plastiki umefika hata kwetu, na ushahidi wake ni uleule kila mara: wali unadunda, punje zinawaka moto. Lakini tonge la wali wowote likifinyangwa vizuri hudunda, kwa sababu wanga hunata na kushikana. Punje kavu ikiunguzwa huwaka na kuwa mkaa, kama nafaka nyingine yoyote. Mjini Lagos, Nigeria, Desemba 2016, forodha walikamata magunia 102 wakidai ni ya plastiki. Vipimo vya serikali vikaonyesha ni mchele halisi, ingawa ulikuwa na bakteria kupita kiwango. Kipimo kizuri zaidi ni sufuria yenyewe. Plastiki hata uichemshe kutwa haifuri. Zile punje za India hufura na kuiva pamoja na wenzake.

Zimetoka wapi? Sheria ya chakula ya India ya 2013 inawapa walengwa wengi kilo 5 za nafaka kwa mtu kwa mwezi, na mijini inaweza kufikia hadi nusu ya wakazi. Tangu Januari 2023 nafaka hiyo hutolewa bure. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2019 hadi 2021 ulikuta karibu watoto 64 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano mijini wana upungufu wa damu. Tumbo linashiba, damu haitoshi. Agosti 15, 2021, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba mchele wote wa mipango ya serikali utaongezewa virutubisho ifikapo 2024.

Unga ni rahisi kuurutubisha: unachanganya tu. Mchele huoshwa, na unga wa vitamini ulionyunyiziwa juu yake ungeishia kwenye maji ya kuoshea. Kwa hiyo viwanda huchukua chenga, huzisaga, huchanganya unga huo na virutubisho, maji na mvuke, kisha huusukuma kwenye mashine yenye matundu. Ni kama kukamua tambi za dengu: donge linaingia juu, nyuzi zinatoka chini, ila hapa kisu hukata kila uzi ukiwa bado mfupi kama punje. Zikikauka, virutubisho vimefungwa ndani ya wanga. Punje moja ya aina hii huchanganywa na punje 100 za kawaida.

Kiwango cha India ni miligramu 28 hadi 42.5 za chuma kwa kilo ya mchele uliochanganywa. Anayekula kilo 5 kwa mwezi hupata takriban miligramu 5 hadi 7 kwa siku. Ukitoa punje hizo kwenye sinia, umekiondoa chuma chote kilichoongezwa.

Sasa, je, zinaongeza damu? Hapa lazima twende taratibu. Chuma kinachotumika zaidi, feri pairofosfeti, kilipendelewa kwa kuwa hakibadilishi rangi wala ladha ya wali, lakini huyeyuka kwa shida na mwili hukifyonza kidogo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tafiti za afya, yaliona kwamba huenda mchele wa namna hii usilete tofauti kubwa katika upungufu wa damu. Damu hupungua pia kwa minyoo na maradhi ya kurithi, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa.

Ndiyo maana napendezwa zaidi na jimbo la Tamil Nadu, ambako duka la mgao haliishii kwenye mchele: huuza pia mafuta na mbaazi zilizokobolewa kwa bei nafuu. India hailimi mbaazi za kuitosha. Huagiza nyingine nje, na Tanzania ni miongoni mwa wauzaji wake wakubwa.