Kuacha dawa peke yake si kilimo hai

Juzijuzi alikuja kutusalimia mtoto wa dada yangu anayeishi Dar. Kaniamkia, kakaa barazani, kanywa dafu lake taratibu, kisha akatazama banda la ng'ombe, akatazama na lundo lililofunikwa makuti chini ya mwembe. Akasema, "Mama mdogo, kumbe kilimo hai ni rahisi hivi. Si unaacha tu kupiga dawa?"

Nilimjibu kwa ukali, na hakustahili. Lakini ilikuwa mara ya nne mwezi huu. Kabla yake aliniuliza mteja wa maziwa, kisha mama mmoja pale soko la Mgandini, kisha mzee aliyefanya kazi ya ubwana shamba miaka mingi na ambaye nilitegemea angejua. Wote swali lilelile, na wote waliliuliza kama watu wenye jibu tayari. Kwa hiyo naandika hapa mara moja, kwa kirefu, ili atakayefuata nimtumie asome.

Kama kilimo hai ni kuacha dawa, basi shamba bora kuliko yote hapa Muheza ni pori la mkonge uliotelekezwa. Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893. Aliyeuleta ni Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba makubwa ya mkoa mzima. Baadaye zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba mengi yakaachwa. Vipo vipande ambavyo kwa miaka na miaka hakuna aliyevitia tone la dawa wala punje ya mbolea. Nenda kapande mahindi pale. Yatatoka ya manjano, membamba, na gunzi utalifunika kwa kiganja. Udongo uliolimwa zao moja kwa miongo mingi haujirudishi kwa sababu tu umeacha kuusumbua. Una njaa, na njaa haitibiwi kwa kuachwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kile chenye alama ya Kilimohai, kilipitishwa mwaka 2007. Watu wanakumbuka upande mmoja tu wa kiwango hicho, yaani vilivyokatazwa. Upande wa pili unakutaka uulishe udongo, ubadilishe mazao, uufunike, uchanganye mimea na mifugo. Huo upande wa pili ndio unaokula mgongo wangu, na sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika sasa, kiangazi, wakati anayepita barabarani anaona shamba kavu na kusema wamelala hawa.

Sisi tuna ekari 4. Machungwa, minazi, migomba, mihogo, bustani ndogo karibu na kisima, na mahindi mvua zikija. Ng'ombe wawili chotara na mtamba mmoja, mbuzi, kuku wa kienyeji. Januari mpaka katikati ya Machi kaskazi inavuma, jua la saa nne asubuhi tayari linachoma, kwa hiyo siku yetu inaanza saa kumi alfajiri. Mume wangu anakwenda kukata mabingobingo, na kila wiki anakwenda mbali zaidi kwa sababu ya karibu yamekauka. Mimi nakamua. Watoto kabla ya shule wanaokota maembe na machungwa yote yaliyodondoka usiku, yote, hata lile lililooza nusu, tunayafukia kwenye shimo la kina cha zaidi ya futi mbili. Inzi wa matunda anataga ndani ya tunda. Ukiliacha chini ya mti, funza wanaingia udongoni na wiki chache baadaye wako juu ya chungwa lako jingine. Hiyo ni kazi ya kila siku, haina sifa, na mwaka tulioipuuza tuliuza machungwa ya kutia aibu.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi hasa. Mtu akishasikia habari ya kulisha udongo anasema, "Aa, samadi. Ipo tele." Anachota kinyesi kilichokaa juani nyuma ya banda tangu Novemba, kikavu kama biskuti, anakimwaga shambani, kisha mahindi yakidumaa anatangaza kwamba kilimo hai ni hadithi.

Samadi si kitu kimoja. Kwanza, karibu nusu ya nitrojeni, chakula kikuu cha mmea, inayotoka kwa ng'ombe haimo kwenye kinyesi kabisa, imo kwenye mkojo. Ukiwa na banda lisilo na sakafu wala matandiko, nusu hiyo imezama chini na huioni tena. Pili, ile harufu inayokuchoma macho ukiingia bandani alfajiri ni amonia, na amonia ni nitrojeni inayoondoka ikiwa inakuaga. Kinyesi kikianikwa kwenye jua na upepo wa kaskazi, kinazidi kuondokewa. Kwa hiyo ile samadi kavu isiyonuka, nyepesi kubeba, ambayo watu wanaipenda, imebakiwa na nyuzinyuzi na kidogo kingine. Sisemi haifai kitu. Nasema usiidai kazi isiyoweza.

Sisi bandani tunatandika majani makavu ya migomba na mabua, yanyonye mkojo. Kila baada ya siku tatu tunayatoa na kuyapeleka kwenye lundo la mboji, yaani mbolea ya vitu vilivyooza, yakiwa bado mazito. Lundo linapangwa kivulini: tabaka nene la vikavu, tabaka jembamba la matandiko na kinyesi, majani mabichi ya alizeti mwitu, udongo kidogo wa juu, halafu unaanza tena. Vitabu vinakwambia uwiano wa kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni sehemu 1. Shambani hakuna mizani ya hiyo. Likinuka amonia, ongeza vikavu. Lisipopata moto, ongeza vibichi, au maji. Makumbi ya nazi usiyatie humo, hayaozi kwa wakati. Yatandaze chini ya michungwa yashike unyevu.

Maji ndiyo mtihani wa kiangazi. Lundo likikauka linasimama, vijidudu vinalala, na utakaa miezi sita ukingoja mboji ambayo haiji. Kipimo ni mkono: chota, kamua kwa nguvu. Yakichuruzika kati ya vidole umezidisha. Kusipotoka hata tone, lete debe. Tunalotaka ni tone moja au mawili na kiganja kibaki kimelowa. Maji ya kuoshea vyombo vya maziwa hatumwagi hata kikombe.

Katikati ya lundo linaloendelea kuiva tumechomeka kijiti kirefu cha mkoko. Siku ile nilimchukua mpwa wangu nikamwambia akichomoe, akishike pale kilipokuwa ndani kabisa. Alikishika kwa sekunde mbili akakiachia. Kilikuwa kinafuka mvuke, kimeingia weusi, na ukungu mweupe kama majivu umekiganda. Moto huo ni wa nyuzi 55 hadi 65, na ndio unaoua mbegu za magugu na vimelea vya minyoo na vya kuharisha. Ukivuka sana 70 unaua na wale wanaokufanyia kazi, kwa hiyo unageuza. Tunageuza kila baada ya wiki mbili au tatu, pembeni iingie katikati, katikati itoke nje.

Kugeuza kuna faida nyingine ambayo pwani hatuna budi kuijua. Pembeni, kwenye ubaridi, hukutwa mabuu meupe manene kama kidole gumba, yamejikunja, kichwa cha kahawia. Huyo ni chonga, yule dudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi mpaka makuti yanatoka yamekatwa kama kwa mkasi. Anazaliana kwenye magogo ya minazi iliyooza na kwenye malundo ya samadi yasiyoguswa. Kwa hiyo anayeliacha lundo la samadi mwaka mzima analea chonga wa kijiji kizima. Sisi tukigeuza, kuku wanakuwa wamekwisha jipanga.

Mwaka wangu wa pili sikuyajua haya yote. Niliweka samadi mbichi kwenye matuta sita ya mchicha. Miche ikaungua ikiwa na majani mawili, na mahali pake pakaota magugu niliyoyapalilia misimu miwili. Hilo la kuungua utalisahau, lakini afya ya mlaji usiisahau. Sheria ya kilimo hai ya Marekani inataka samadi mbichi iingizwe udongoni siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Mchicha tunauvuna wiki ya tatu au ya nne. Piga hesabu mwenyewe. Anayekuuzia mchicha wa "asili" uliolimwa kwa kinyesi kibichi hajakufanyia wema wowote.

Na hesabu nyingine, kwa wale wanaosema ni rahisi. Mfuko wa yurea, mbolea ya dukani, wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kina kama nusu ya asilimia moja. Kuzipata kilo 23 unahitaji kilo 4,600 za kinyesi. Ng'ombe akitoa kilo 20 kwa siku, hizo ni siku 230 za ng'ombe mmoja, kuzoa, kubeba, kupanga, kugeuza, kumwagia. Na hapo ni sehemu tu ya nitrojeni hiyo itakayofika kwenye mmea msimu wa kwanza. Jirani yangu anafungua mfuko mmoja asubuhi na saa tano yuko nyumbani. Simdharau hata kidogo. Ila udongo wangu sasa unashika maji wiki nzima baada ya mvua, wake unapasuka, na kazi hiyo mfuko haujawahi kuifanya.

Mengine kwa ufupi. Mwarobaini unafanya kazi, ila jua linaivunja nguvu yake, kwa hiyo ukipiga saa sita mchana umeosha majani tu. Piga jioni, rudia. Na maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwenye michungwa na minazi, msiwachome. Wanauma, ndiyo, na wavunaji wananilalamikia. Lakini wanafukuza yule mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zinapukutika, bure, kila siku. Tunajipaka majivu mikononi na tunavuna mapema kabla hawajachangamka.

Yapo ambayo sina majibu yake, na sioni sababu ya kuyaficha.

Kantangaze, kiwavi anayechimba majani na matunda ya nyanya, alipoingia nchini mwaka 2014 alinitoa kwenye nyanya. Nimejaribu mwarobaini, mitego ya harufu, kung'oa na kufukia majani yaliyochimbwa. Kwenye matuta mawili nyumbani navuna. Kwenye robo ekari sijawahi kumshinda, na anayenionyesha shamba la nyanya la wazi, kubwa, lisilo na dawa, pwani hii, kipindi hiki cha joto, nitakwenda kujifunza kwake kwa miguu.

Ndama akipata ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, simwachi afe ili nilinde jina la kilimo hai. Anatibiwa siku hiyohiyo, inaandikwa kwenye daftari, na kama ni ng'ombe anayekamuliwa maziwa yake hayauzwi mpaka muda wa zuio, yaani siku za dawa kuisha mwilini, upite, tena tunausubiri mara mbili. Kiwango kinaruhusu kumtibu mnyama mgonjwa. Wapo wenzangu wanaonuna nikilisema hili hadharani.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kiangazi majani hayatoshi, nanunua pumba za mahindi na mashudu. Yametoka wapi? Kwenye mashamba ya watu wengine, na mengi ya hayo yamewekewa yurea na DAP, mbolea nyingine ya dukani. Yanapita kwa ng'ombe wangu, yanaingia lundoni, yanaingia kwenye udongo ninaojisifu kwamba nimeujenga mwenyewe. Kwa upande wa pili, kila lita ya maziwa na kila tenga la chungwa linalokwenda Tanga mjini linaondoka na fosforasi, chakula kingine cha mmea, ambayo hairudi. Nikikataa pumba, ng'ombe wanakauka na shamba linatoa zaidi ya linavyopokea. Nikinunua, rutuba yangu ina mguu kwenye mfuko wa jirani. Tumepanda gilirisidia, mti wa majani ya malisho, kwenye mpaka wote ili tupunguze, na mwaka huu tumenunua magunia machache kuliko mwaka jana. Kufikia sifuri bado.

Mpwa wangu alikaa siku tatu. Ya pili aliniomba beleshi. Tuligeuza lundo la kwanza kati ya matatu tuliyonayo pamoja kabla jua halijatoka, na alipofika katikati akasimama, akanusa, akaniuliza kwa nini linanukia kama msitu baada ya mvua ilhali vilivyomo vimetoka bandani. Hilo liko tayari. Litaingia kwenye mashimo ya mahindi wiki ya kwanza ya Machi, kabla ya masika. La pili limebakiza mageuzo mawili. La tatu tumelipanga juma lililopita, tumechelewa, na kamba ya kisima sasa inashuka pima mbili zaidi ya Desemba. Ramadhani nayo ikiingia humuhumu kiangazini, maji ya lundo yatavutwa usiku baada ya tarawehe.