Pengo msituni sio lazima mtu kakata

Swali tunaloulizwa sana tukiwatembeza watu msituni ni hili, mbona hapa pako wazi, nani kakata? Mara nyingi hajakata mtu. Mti mkubwa umedondoka wenyewe, ukaenda na wenzake wawili watatu waliokuwa wamefungana na mimea ya kutambaa, paa la majani likatoboka na jua likaanza kupiga hadi chini. Sisi tunapaita pengo, kama la meno tu.

Kwenye misitu mingi ya kitropiki asilimia 1 hivi ya eneo inageuka pengo kila mwaka, yani kwa hesabu ya haraka haraka ndani ya miaka 100 hivi msitu wote umeshabadilishwa kiraka kwa kiraka. Mlimani kuna mambo ya ziada, udongo hauna kina, mizizi imeshika juu juu kwenye mwamba, mvua ikipiga siku tatu mfululizo mteremko unalegea alafu upepo ukija ndo basi. Kuna maporomoko pia, na kwa nchi za baridi theluji.

Sasa kitu ambacho wengi hawakiangalii ni mti umekufaje. Ukifia umesimama unapukutika taratibu, mwanga unaingia kidogo kidogo, na wanaofaidi ni miche iliyokuwepo tayari. Na hiyo miche usiidharau, unaweza kukuta kamti kembamba kama kidole kumbe kana miaka 30, kalikuwa kivulini kanasubiri nafasi. Lakini mti uking'oka na mizizi yake ni habari nyingine kabisa, unaacha shimo linalotuama maji na pembeni ukuta wa udongo mtupu umesimama na mawe yake, na hapo kwenye udongo mtupu ndo mbegu ndogo ndogo za miti ipendayo jua zinapata pa kuanzia.

Ukubwa nao una maneno. Desemba 1999 kimbunga Lothar kiliangusha misitu mingi Uswisi, alafu miaka iliyofuata mbawakavu wa magome (wadudu wadogo wanaotoboa magome ya miti) wakazaliana kwenye misprusi (miti jamii ya misonobari) iliyolala na kuhamia iliyobaki imesimama, kwahiyo pengo likazaa pengo. Na saa ingine anayewahi nafasi ni mgeni, Usambara Mashariki mti wa musizi uliletwa kupandwa, hondohondo wanakula matunda yake na kusambaza mbegu, basi kila palipofunguka unajichomoza.

Alafu mlimani mwanga hauanguki wima. Kwenye mteremko usioelekea jua unaweza kuwa na pengo zuri tu juu ila chini ni baridi na ukungu, jua linaangukia kwa jirani, usishangae miche ikinenepa nje ya pengo lenyewe.

Ndo maana sisi hatupendi watu wanaokimbilia kusafisha magogo (kwa kuni au kwa sababu eti panaonekana pachafu). Gogo likianza kuoza linashika maji kama sponji, miche inaota juu yake imejipanga, inakwepa magugu marefu yaliyojaa chini. Ukipita mahali ukakuta miti mizima imesimama mstari mmoja, na mizizi yake imenyanyuka kama miguu ya stuli, chungulia hapo chini ya mizizi. Huo uwazi ndo alipokuwa amelala mzee, lile gogo lililokwisha oza.