Barolo: mvinyo wa kuwekwa miaka, na ardhi inayouzaa

Barolo ni mvinyo mwekundu wa Italia unaotokana na zabibu za aina moja tu, Nebbiolo. Zabibu hizo hulimwa kwenye vilima vya Langhe, kusini-magharibi mwa mji wa Alba, mkoani Piemonte. Wajuzi wanapoutaja kuwa mvinyo wa kuwekwa, wana maana kwamba chupa haifunguliwi mara inaponunuliwa; huachwa miaka kumi, ishirini, na iliyotoka shamba zuri katika mwaka mzuri hupita thelathini.

Watu wengi huamini kuwa mvinyo wowote ukiwekwa unazidi kuwa mzuri. Sivyo. Mivinyo iliyo mingi hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, na ikikawia inapoteza harufu na ladha ya tunda bila kupata kitu kingine. Ili mvinyo ufaidike na miaka, lazima uwe na akiba ya kutosha ya tanini, asidi na tunda tangu siku ya kwanza, na akiba hiyo hutoka shambani.

Tanini ndiyo inayoleta ukakasi, ule wa bibo unaokausha ulimi na fizi. Nebbiolo ina tanini nyingi katika maganda na kokwa, na asidi yake iko juu, ingawa rangi yake ni hafifu kuliko mtu anavyotarajia kwa mvinyo mzito kiasi hiki. Chupa ikiwa imelazwa, chembe za tanini huungana polepole na zile za rangi, zinakuwa kubwa, kisha nyingine huzama na kuwa mashapo. Ndiyo maana Barolo wa miaka ishirini ni laini mdomoni na wekundu wake umegeuka kuelekea rangi ya tofali. Harufu nayo hubadilika: mwanzoni ni waridi na cheri, baadaye lami, majani makavu, ngozi na uyoga. Asidi hupungua kidogo sana, na hiyo ndiyo inayoufanya mvinyo mzee uendelee kuwa na uhai.

Kuna jambo moja ambalo miaka haiwezi kulirekebisha. Zabibu zikivunwa kabla kokwa hazijakomaa, tanini yake ni chungu, na uchungu huo hubaki wakati tunda limekwisha kufifia. Mvinyo wa namna hiyo huzeeka ukiwa mkavu na mtupu. Hapo ndipo ardhi inapoingia.

Nebbiolo huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, kwa kawaida mwezi Oktoba. Inahitaji jua la msimu mzima, kwa hiyo mteremko ndio kila kitu. Kanuni za Barolo zinakataa mashamba ya bondeni, ya tambarare, yenye unyevu na yanayotazama kaskazini. Mizabibu lazima iwe kati ya mita 170 na 540 juu ya usawa wa bahari. Wakulima wa zamani hawakuhitaji ramani: walitazama theluji inayeyuka wapi kwanza, na hapo ndipo walipopanda Nebbiolo. Upande wa baridi waliachia aina nyingine, kama Dolcetto, inayoiva mapema.

Udongo nao una sauti yake. Upande wa magharibi, kwenye kijiji cha La Morra na sehemu kubwa ya kijiji cha Barolo, kuna udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, rangi ya kijivu inayoelekea buluu, uliokuwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Mvinyo wake hunukia sana na hulainika mapema kiasi. Upande wa mashariki, kijiji cha Serralunga d'Alba, tabaka za udongo huo hupishana na za mchanga ulioshikamana. Mvinyo wake ni mgumu, mkakasi zaidi, na hudai subira. Hii ni kanuni ya jumla, na mkono wa mtengenezaji unaweza kuipinda, lakini ukionja chupa za pande hizo mbili za mwaka mmoja utaona tofauti.

Vijiji vinavyoruhusiwa ni 11. Tangu 2010 eneo lote limegawanywa rasmi katika majina 181 ya ardhi yanayoweza kuandikwa kwenye lebo: Cannubi, Brunate, Rocche dell'Annunziata, Vignarionda na mengineyo. Majina haya hayana madaraja, na hilo huwachanganya wanunuzi. Bussia, huko Monforte d'Alba, ina karibu hekta 300 zenye miteremko ya kila namna, wakati Cannubi haifiki hekta 40. Jina la shamba peke yake si dhamana. Jina la mzalishaji lina uzito uleule.

Shambani kazi kubwa ni kupunguza. Macho ya mwanzo ya tawi la Nebbiolo, yaani vichipukizi vya karibu na shina, mara nyingi hayazai, hivyo tawi huachwa refu wakati wa kupogoa. Kiangazi, vichala vya ziada hukatwa na kuangushwa chini. Kiwango cha juu ni tani 8 za zabibu kwa hekta. Penye mizabibu 4,000 ni kama kilo mbili tu kwa kila mzabibu. Adui ni mvua ya mawe, inayoweza kumaliza mteremko mmoja na kuuacha wa jirani, na mvua za Oktoba zinazoozesha vichala siku chache kabla ya mavuno.

Baada ya kuchachuka pamoja na maganda, wengine kwa siku kumi, wengine kwa wiki nne au zaidi, mvinyo huwekwa kwenye mapipa ya mwaloni. Sheria inataka miezi 38 kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, 18 kati yake ndani ya mbao. Kwa hiyo mavuno ya 2021 yaliruhusiwa kuuzwa kuanzia Januari 2025. Wenye neno Riserva kwenye lebo hungoja miezi 62. Mapipa makubwa ya jadi hayaachi ladha ya mbao. Madogo ya lita 225, yaliyoenea miaka ya 1980, yakiwa mapya huleta vanila, na kwa maoni yetu huifunika Nebbiolo kuliko kuisaidia.

Anayetaka kuweka chupa aitafutie mahali penye giza, nyuzi joto 12 hadi 14, pasipotikisika, ailaze ili kizibo kisikauke. Chumba cha kawaida Mombasa au Dar es Salaam kitauharibu mvinyo ndani ya miezi: joto hupanua kimiminika, kizibo husukumwa, hewa huingia. Siku ya kunywa, chupa nzee isimamishwe saa 24 mashapo yatue, kisha imiminwe taratibu, na uache pale mashapo yanapofika shingoni. Chupa changa, ya miaka mitano sita, imiminwe kwenye jagi saa mbili kabla, na inywewe pamoja na nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa muda mrefu, maana protini na mafuta hupunguza ukakasi.