Je, wajua kwa nini alama ya amani, ile ya duara, ina mistari mitatu chini na mmoja juu?

Alama hii imezagaa kwenye fulana, hereni na stika za magari kiasi kwamba wengi huiona pambo tu. Ilibuniwa kupinga bomu la nyuklia, na kila mstari wake una sababu.

Aliyeichora ni Gerald Holtom, msanii wa Uingereza aliyekuwa amekataa kwenda kupigana katika Vita Kuu ya Pili. Februari 1958 aliipeleka kwa kamati iliyokuwa ikiandaa maandamano ya Pasaka: siku nne kwa miguu, kama kilomita 83, kutoka Trafalgar Square, London, hadi Aldermaston, kwenye kituo cha serikali cha silaha za nyuklia.

Mabaharia huashiriana herufi kwa bendera mbili za mkononi. Mikono yote miwili ikishuka upande upande kwa nyuzi 45, ni N. Mmoja ukienda juu wima na mwingine chini wima, ni D. Zilaze herufi hizo moja juu ya nyingine ndani ya duara, umepata alama: N na D za Nuclear Disarmament, yaani kuachana na silaha za nyuklia. Holtom aliongeza kwamba alijichora mwenyewe akiwa amekata tamaa, mikono imeshuka, viganja wazi. Kwa hiyo uvumi kwamba alama hii ni msalaba uliovunjwa au ishara ya kishetani hauna msingi.

Kwa maandamano yalitengenezwa mabango 500 ya kadibodi juu ya vijiti. Nusu yalikuwa meusi kwa meupe, ya Ijumaa Kuu na Jumamosi. Nusu meupe kwa kijani, ya Jumapili na Jumatatu ya Pasaka, baridi ikipisha majira mapya. Beji za kwanza mwanaharakati Eric Austin alizifinyanga kwa udongo mweupe na kuzichoma. Ziligawiwa na kijikaratasi kilichosema kwamba vita vya nyuklia vikitokea, beji hizo zitakuwa miongoni mwa vitu vichache vya binadamu vitakavyosalia motoni. Ni onyo zito kulivaa kifuani.

Alama haikuwekewa hakimiliki, na hilo lilifanywa makusudi. Ndiyo maana ilivuka haraka hadi Marekani, kwenye harakati za haki za Weusi na za kupinga vita vya Vietnam.

Ukitaka kuichora bangoni, kata duara la gazeti lenye upana wa sentimita 60, likunje katikati mara tatu, kisha likunjue. Mikunjo itagawa duara sehemu nane za nyuzi 45. Chora mkunjo wa juu, wa chini, na miwili inayopakana na huo wa chini. Unene wa sentimita 5 au 6 unatosha: ukizidisha, pembe mbili za chini huzibika rangi na kwa mbali huonekana doa, ukipunguza, mistari hupotea. Kosa la kawaida ni kusahau mstari wa chini wima. Hapo D imekufa, na bango lako linatangaza Mercedes. Ukiligeuza juu chini, mikono inainuka na, kwa ishara za bendera, inasomeka U. Holtom mwenyewe baadaye aliupenda mkao huo kuliko ule wa kwanza. Tumia rangi ya mafuta, maana ya maji huchuruzika mvua ikinyesha.