Mtoto anayezama hapigi kelele

"Hakupiga kelele. Angepiga kelele tungesikia."

Maneno haya nayasikia kila msimu wa kaskazi, shule zinapofungwa Desemba na familia kumiminika Bagamoyo kutoka Dar es Salaam, Kibaha na Chalinze. Nayasikia tena Idi, nayasikia Pasaka. Anayeyasema huwa mzazi mwenye akili timamu, anayempenda mwanawe, na huyasema akiwa bado na mchanga miguuni. Mimi ni muuguzi wa watoto. Chumba cha dharura si mahali pa kumfundisha mtu aliye katika hali hiyo, ndiyo maana nayaandika hapa, kabla hamjafunga mizigo.

"Akizama atapiga kelele na kurusha mikono"

Hapana. Na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu ndilo linalomfanya mama aliyekaa hatua kumi tu kutoka majini aendelee kumenya machungwa huku akiamini kwamba masikio yake yanamlinda mtoto.

Kelele inahitaji pumzi. Mdomo wa mtoto anayezama unaingia majini na kutoka, na kila unapotoka kwa ile nukta moja, mwili una kazi moja tu ya kufanya, kuvuta hewa. Hakuna nafasi ya kuita "mama". Mikono nayo haipungi. Inajitandaza pembeni na kuyakandamiza maji kwenda chini, bila yeye kuamua, ili mdomo uinuke. Ukimtazama kutoka ufukweni utaona mtoto aliyesimama wima ndani ya maji, kichwa kimelala nyuma kidogo, mdomo usawa wa maji, macho yamekodoka wala hayamwangalii mtu. Miguu haipigi. Ungedhani anatazama ndege. Mtu mzima anaweza kukaa katika hali hiyo kati ya sekunde 20 na 60 kabla hajatoweka. Mtoto mdogo muda wake ni mfupi zaidi. Ni muda wa kusoma ujumbe mmoja wa simu na kuujibu.

Methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa. Iacheni ifanye kazi yake kwingine. Kwa mtoto wa miaka mitatu baharini inadanganya. Na wa mwaka mmoja na nusu hata hiyo hali ya kusimama wima hafiki: anaanguka kifudifudi penye maji ya magotini, kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, hawezi kujiinua, anabaki pale pale kimya. Halafu juu ya yote hayo kuna spika kubwa za muziki, kuna watu wanacheza mpira, kuna upepo. Hata angeweza kuita, nani angemsikia?

Mtoto anayepiga kelele na kupunga mikono naye yuko hatarini, mkimbilieni. Lakini ninayetaka mumwogope ni yule aliyenyamaza ghafla. Mtoto anayecheza majini ana makelele. Akinyamaza, inuka ukamfuate. Muulize, "Uko sawa?" Asipokujibu, mshike mtoe.

Kuna jibu jingine linalofuata hilo kama kivuli: "Lakini tulikuwa watu wazima wengi, alikuwa anaangaliwa." Wingi huo ndio tatizo lenyewe. Mama anajua baba yuko karibu na maji. Baba anajua shangazi yuko pale. Shangazi anageuza samaki kwenye jiko la mkaa na anajua dada wa kazi yuko na watoto. Dada ametumwa barafu. Kila mmoja anasema kweli, na mtoto hana mtu.

Basi fanyeni hivi, na ushauri huu nitaurudia mpaka nistaafu. Chagueni mtu mzima mmoja, kwa jina, awe mlinzi wa maji. Mvisheni kofia moja inayojulikana na wote. Mwenye kofia hageuzi samaki, hapokei simu, hapigi picha, na hajaonja bia. Akae dakika 15 au 20, kisha kofia aivishwe mwingine, naye atamke mbele ya wenzake, "Ninao mimi." Akitaka kwenda msalani, kofia ivuliwe kwanza, ipokewe. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, mlinzi hakai kwenye mkeka, anaingia majini, na mkono wake uwe unamfikia mtoto bila kupiga hatua. Na tafadhali, kaka yake wa miaka tisa si mlinzi. Ni mtoto wa pili wa kulindwa. Inaniuma kumwona mtoto wa darasa la tatu akiulizwa na wakubwa, "Mdogo wako yuko wapi?" kana kwamba yeye ndiye aliyepanga safari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Umri huo ndio ule mnaoupakia nyuma ya gari na ndoo za kuchezea mchanga.

Jambo dogo la nyongeza kuhusu nguo. Bahari ya Bagamoyo haina maji ya kioo. Mto Ruvu unamwaga matope yake kaskazini mwa mji, na siku nyingi maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mtoto aliyevaa bluu, kijivu au nyeupe akizama kidogo tu haonekani tena. Mvalisheni rangi ya chungwa inayowaka, au njano ya kukoza. Siku ya kutafutana mtajua kwa nini.

"Ana tyubu, hana shida"

Tyubu za kukodi, zile za ndani ya tairi la gari, ni mchezo, hazikutengenezwa kumwokoa mtu. Mtoto mdogo anachomoka katikati kama hana mifupa. Au inapinduka, miguu inabaki juu imenaswa, kichwa kiko chini. Au upepo unaisukuma, na kabla hujavua viatu ameshafika penye kina. Maboya ya kujaza upepo ya mikononi nayo ni yale yale. Anayetaka kitu cha kumwelesha mwanawe atafute jaketi okozi la saizi yake, lenye mikanda inayofungwa na mkanda wa kupita katikati ya mapaja, maana bila huo linapanda na kumziba uso. Na kofia ya mlinzi inaendelea kuvaliwa.

"Bahari ya hapa ni ya magotini tu"

Ni ya magotini saa unayoiona. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila awamu kama saa sita na ushei, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wageni wengi hawalijui hili. Ukikuta yamekupwa saa nne asubuhi Jumamosi hii, usije Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo ukitegemea kukuta mchanga. Yatakuwa yamejaa au yako karibu kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Hiyo ni nyumba ya kawaida mpaka darini.

Hatari ya pwani tambarare kama yetu ni namna maji yanavyorudi. Watoto wanatembea mbali kwenye mafungu ya mchanga kuokota kaa na makombe. Maji hayaji kwa mbele tu, wayaone. Yanapita kwenye mifereji midogo na kujaa nyuma yao, kati yao na ufuko, wakati wao bado wamesimama pakavu. Kwa hiyo kabla ya kutandika mkeka nenda soko la samaki, mwulize mvuvi yeyote, "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kufikiri. Maji yakianza kugeuka, watoto warudi.

"Tumemshika miguu tukamning'iniza, maji yatoke"

Nawasihi, acheni hili. Mtoto ametolewa majini hapumui, na dakika za thamani kuliko zote zinapotea mtu akimzungusha kichwa chini au akimkandamiza tumbo. Maji yaliyoingia kwenye mapafu kwa kawaida si mengi, na hayatoki kwa kuning'inizwa. Yanayotoka ni ya tumboni, pamoja na wali na soda aliyokunywa, na yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu ambayo hayakuwa nayo. Watu wakiyaona yanamwagika wanasema amepona. Hajapona. Anachokosa ni hewa, na ubongo hauvumilii dakika nyingi bila hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo. Kwa mtoto mchanga, wa chini ya mwaka mmoja, kisirudi nyuma, kiwe sawa tu. Ziba pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza pumzi tano, kila moja mpaka uone kifua kinainuka. Kwa mchanga funika mdomo na pua kwa pamoja. Kama bado hapumui wala hajitikisi, kandamiza kifua katikati mara 30, kina cha theluthi ya kifua chake, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mtoto mkubwa tumia kiganja, mchanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikikizunguka kifua. Kisha pumzi mbili, kisha 30 tena. Usiache mpaka apumue au afike anayejua zaidi. Mwingine wakati huo apige 114, Zimamoto na Uokoaji, na mwingine atafute gari. Akianza kupumua mlaze kiubavu, akitapika asipaliwe. Na hata akiamka akalia, hospitali lazima aende.

Mnaona hofu ya kuvunja mbavu? Iwekeni kando. Mbavu zinaungwa.

"Upepo wa bahari utamtia nimonia"

Januari, jua la saa saba, mtoto wa miezi minne amevalishwa sweta, kofia ya sufu na soksi, kisha akafunikwa kanga. Nimonia inaletwa na vimelea: bakteria na virusi. Upepo haumo. Lakini joto lipo, na mwili wa mchanga haujui kujipoza vizuri kama wako. Anakuja kwetu amewaka, analegea, hanyonyi, na mama anadhani ni malaria. Nguo moja nyepesi ya pamba na kivuli cha mwembe au mkungu vinatosha. Kanga msimfunike juu kabisa mahali alipolala; hewa inakwama humo na joto linapanda. Na chini ya miezi sita haongezewi maji ya chupa kwa sababu ya joto: nyonyesha mara nyingi zaidi, maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Wakubwa zaidi wapewe maji au dafu kabla hawajaomba.

Mengine nitayapitia haraka.

Ngozi nyeusi haiungui? Inaungua, ila inachelewa na haionyeshi wekundu. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri wakae kivulini, na mtoto mwenye ualbino avae mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua kila mara. Mafuta ya nazi hayakingi jua.

Kula kabla ya kuogelea hakuzamishi mtoto. Bia ya mwangalizi ndiyo inayozamisha.

Maji ya bahari si dawa ya vidonda. Kidonda kibichi kisiingizwe humo, hasa karibu na mahali mitumbwi inapopakua samaki na matumbo kutupwa.

Akichomwa na konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama utelezi mwenye nyuzi zinazowasha, msimkojolee wala kumsugua kwa mchanga. Msuuzeni kwa maji ya bahari, mwondoeni nyuzi zilizoganda kwa kijiti au kitambaa, kisha pawekeni kwenye maji ya moto ambayo mkono wako mwenyewe unayavumilia. Akivimba uso au akihema kwa shida, njooni mara moja.

Aliyepaliwa na maji akakohoa kidogo na kurudi kucheza, mara nyingi hana tatizo. Lakini kama saa chache baadaye bado anakohoa, anapumua mbiombio, au amelala usingizi usio wake, aletwe siku hiyo hiyo. Asisubiriwe mpaka asubuhi.

"Tumeshatoka baharini, sasa tuko salama"

Mkifika nyumbani au gesti wote wamechoka, na kuna ndoo ya lita 20 bafuni ya kuwasuuza watoto mchanga. Mtoto wa mwaka mmoja akiinama kufuata kikombe ndani ya ndoo hiyo, kichwa kinatangulia na miguu inabaki juu. Haipinduki, kwa sababu ina maji. Maji ya sentimita chache yanatosha kuziba pua na mdomo. Beseni, dumu lililokatwa na karo ni hivyo hivyo. Ogesheni watoto wote, mwageni maji yote, ndoo ifudikizwe, na mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la juu ambalo mtoto halifikii.