Omu Pekee Hazikuambii Ugumu wa Hedifoni

"Hii ni ya omu 32 tu, pleya yangu itaiendesha bila shida." Nimechoka kuisikia kauli hii, maana wanaoitoa ndio hao hao wanaorudi wakilalamika kwamba sauti imepandishwa hadi mwisho na muziki bado umepooza. Wengine hukimbilia kununua pleya nyingine, wakati jibu lilikuwa kwenye karatasi ya vipimo tangu mwanzo.

Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; hazisemi hedifoni inahitaji nguvu kiasi gani. Zinasema nguvu hiyo itakuja kwa njia gani: omu nyingi zinadai volti, omu chache zinadai mkondo. Kiasi chenyewe kinategemea usikivu wa hedifoni, yaani sauti inayotoa kwa nguvu fulani, ile namba ya desibeli ambayo karibu kila mnunuzi anairuka.

Piga hesabu na mimi. Pleya imeandikwa miliwati 125 kwa omu 32, yaani volti 2. Chomeka Beyerdynamic DT 880 ya omu 250. Kwa volti 2 inapata miliwati 16 tu, lakini inatoa desibeli 96 kwa miliwati moja, hivyo inafika desibeli 108. Kwa vilele vya muziki, yale mapigo ya juu kabisa ya sauti, hiyo inatosha na kubaki. Sasa toa hiyo, chomeka HiFiMAN HE-6 ya omu 50. Inapata miliwati 80, mara tano ya ile ya kwanza, ila usikivu wake ni desibeli 83.5, kwa hiyo inaishia kwenye 102 na ushei. Ukitaka ifikie 108, andaa miliwati 280 hivi, karibu volti 3.75, na pleya hiyo haina. Hapo omu 50 zimekuwa mzigo mzito kuliko omu 250. Ndiyo maana nasisitiza: soma usikivu kwanza, omu baadaye. Na angalia kama desibeli zimepimwa kwa miliwati moja au kwa volti moja, maana kwa hedifoni ile ile ya omu 250 namba hizo zinapishana kwa desibeli 6.

Miliwati za pleya nazo zisipotajiwa omu hazina maana yoyote. Pleya ya miliwati 125 kwa omu 32 haitoi 125 kwa omu 300; inatoa 13 hivi.

Kuna wanaoamini omu za pleya na za hedifoni lazima zilingane. Kulinganisha kuna kazi yake kwenye nyaya ndefu za simu. Kwenye hedifoni tunataka ukinzani wa tundu la pleya uwe mdogo kabisa, usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Vile vya kuingiza sikioni vyenye dreva (vipaza sauti vidogo vya ndani) kadhaa ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa sababu omu zao hubadilika kulingana na masafa, yaani sauti ikiwa nzito au nyembamba. Tuseme ni omu 5 kwenye masafa fulani na 40 kwenye mengine. Tundu la omu 10 litapunguza sauti ya masafa ya kwanza kwa desibeli 9.5, ya pili kwa 2 tu. Muziki umeshageuka sura, na msikilizaji anailaumu hedifoni.

Eti omu nyingi ndiyo sauti bora? Hapana. DT 880 hiyo hiyo imeuzwa kwa omu 32, 250 na 600, na zipo hedifoni za omu chache zinazosifika sana.

Na eti amplifaya ya wati moja itaunguza hedifoni ndogo? Hedifoni inavuta kulingana na volti unazoipa wewe kwa kitufe cha sauti, haimezi wati zote zilizopo. Anza chini, panda taratibu. Usumbufu halisi wa amplifaya kubwa ni ule mvumo unaosikika muziki ukinyamaza, hasa kwa vile vya kuingiza sikioni. Weka geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, ya chini. Mara nyingi mvumo hupungua, na kitufe cha sauti kinakupa nafasi ya kukizungusha badala ya kulipuka kwenye nukta ya kwanza.